Barua ya wazi kwa wanaotunza historia yetu: vita vya Msumbiji vilipita Newala pia

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni. Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Na kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma.

Waheshimiwa,

Kila tarehe 25 Juni, Msumbiji inapoadhimisha uhuru wake, huku kwetu hurudiwa kauli ile ile kwamba Tanzania ilisaidia kuwakomboa ndugu zetu. Ni kweli, ilisaidia. Ninachouliza ni hiki: Tanzania ipi? Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wakiulizwa, huandika Mwalimu Nyerere na Kamati ya Ukombozi, wanaweka nukta, wanahamia swali linalofuata. Baadhi yao wanatoka vijiji ambavyo mababu zao walilala mahandakini kwa sababu ya vita vya Msumbiji vya kujikomboa kutoka kwa Wareno, nao hawana habari.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, mzaliwa wa Newala. Anayepajua Newala anapajua Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kubaki chini ya miguu yako. Ng'ambo ya bonde hilo ni Msumbiji. Mtu aliyekulia hapo hawezi kufundisha vita vile kama habari za ughaibuni. Nawaandikia kwa sababu mashahidi wa upande huu wa mto wanakwisha, na sijaona mtu aliyetumwa kwenda kuketi nao na kuwasikiliza. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 risasi ya kwanza ilipolia mwaka 1964 sasa amevuka 80.

Nianze mbali kidogo, maana hata chanzo chenyewe kina mguu wake huku kwetu. Wakati wa ukoloni Wamakonde kutoka Msumbiji, ambao wenyeji waliwaita Wamawia, walivuka Ruvuma kwa maelfu kukimbia kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha lazima cha Wareno. Walikata mkonge Lindi na Tanga, wakabeba mizigo bandarini Dar es Salaam, Zanzibar hadi Mombasa. Huku waliona mambo ambayo kwao yalikuwa mwiko: vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, mikutano ya TANU. Wakaanzisha vyama vyao, na kutoka humo kikazaliwa MANU, chama cha kudai uhuru wa Msumbiji. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walipokwenda Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1960 kudai haki za watu wao mbele ya utawala wa Kireno, walitokea Tanganyika.

Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala pale Mueda kusikiliza majibu. Gavana wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, alikuwepo. Majibu yakawa kwamba wajumbe wale wawili wakamatwe. Watu wakapandwa na hasira, na askari wakafyatua risasi. FRELIMO, chama kilichokuja kuongoza vita vya ukombozi, baadaye ilitaja waliouawa kuwa zaidi ya 600. Watafiti waliofuatilia nyaraka wametoa makadirio madogo zaidi, tena kwa mbali. Mimi darasani huwapa wanafunzi hesabu zote mbili na kuwaambia kwamba wanahistoria bado wanabishana. Kuna wenzangu wanaoona kufanya hivyo ni kuwavunjia heshima waliokufa. Sikubaliani nao. Mtoto akijua kwamba idadi inabishaniwa, atajifunza kuuliza nani alihesabu na alihesabu kwa nia gani, na hata kama waliouawa wangekuwa kumi tu, kuwapiga risasi watu waliokuja kuomba majibu kungebaki kuwa unyama ule ule.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tarehe 25 Juni 1962, jijini Dar es Salaam, vyama vitatu vya Wamsumbiji, MANU, UDENAMO na UNAMI, viliungana kuwa FRELIMO, na Eduardo Mondlane, msomi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani, akawa rais wake. Mei 1963 OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliunda Kamati ya Ukombozi na kuipa makao Dar es Salaam. Kundi la mapema la wapiganaji lilikwenda Algeria kufundishwa, kisha kambi zikafunguliwa nchini kwetu: Kongwa kwanza, halafu Nachingwea. Kote kuwili kulikuwa na mabaki ya ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na ukawashinda ndani ya miaka michache, wakatuachia majengo na ardhi iliyofyekwa. Nachingwea hata reli walijenga kutoka Mtwara, nayo ikaja kung'olewa. Karanga hazikustawi, lakini miaka kadhaa baadaye Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, aliwaandaa wapiganaji wake juu ya ardhi ile ile. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtoto wa Nachingwea apende somo la historia, kama kuna mtu angemwonyesha shamba lenyewe lilipokuwa.

Tarehe 25 Septemba 1964 kikosi kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado. Vitabu huandika kwamba hapo ndipo vita vilipoanza. Upande wetu wa Ruvuma vita vilianza siku chache baadaye, kwa njia nyingine: watu walivuka. Wareno walijibu kwa kukamata na kuchoma, na wanavijiji wa Cabo Delgado na jimbo jirani la Niassa wakakimbilia mtoni. Baadaye zilifunguliwa kambi rasmi za wakimbizi, Rutamba kule Lindi, Muhukuru na Lundo mkoani Ruvuma, na mashirika ya kimataifa yakaja na mahema na unga. Lakini wiki zile za mwanzo, kabla ya mashirika, watu walikula nini? Walilala wapi? Hayo hayamo kwenye taarifa za mashirika, kwa sababu mashirika hayakuwepo. Walikula muhogo wa mashamba yetu na walilala kwenye baraza za nyumba zetu, wengi wao kwa watu wa ukoo mmoja nao. Bei ya ukarimu ule haijawahi kupigiwa hesabu.

Niruhusuni nitoe mfano mmoja wa nyumbani. Mama yake mama yangu alikuwa na handaki nyuma ya jiko. Lilichimbwa na wajomba kwa amri ya balozi wa nyumba kumi, kina cha mtu mzima hadi kifuani, likafunikwa kwa magogo na udongo, na upande mmoja likaachwa wazi. Ndege ikisikika kutoka ng'ambo, walishushwa watoto kwanza. Baada ya watoto, kabla ya yeye mwenyewe, ulishushwa mtungi wa maji. Wageni wakisikia hili hucheka, lakini mtu wa Newala hacheki kwa sababu anajua maji yalikuwa yakitoka wapi: chini bondeni, kwa kupanda mlima saa kadhaa na mzigo kichwani. Mtu alikuwa tayari nyumba ipigwe bomu. Mtungi uliojaa hakuwa tayari kuupoteza. Bibi alisimulia haya kila mara tulipomwaga maji, kama onyo kwa wajukuu wapotevu, na hakuna hata siku moja aliyoyaita historia. Alishazikwa, na maneno yake yamebaki kwetu wajukuu, kila mmoja akiyakumbuka anavyoyakumbuka.

Kumbukumbu kama hizo ziko kijiji hadi kijiji katika ukanda ule wa mpakani. Kuna wazee waliopoteza miguu kwa mabomu ya ardhini. Kuna waliobeba. Hawa wa kubeba ndio wanaonikera zaidi kwa kusahauliwa, kwa sababu vita vya msituni bila barabara ni vita vya vichwa na mabega. Risasi, makombora, dawa, chumvi, sabuni na vitambaa vilitoka Mtwara na Nachingwea kwa magari hadi karibu na mto, na kutoka hapo ni kwa miguu, usiku. Wabebaji wengi walikuwa raia wa Msumbiji wenyewe, wanawake kwa wanaume, waliokuja kupokea mizigo mpakani na kurudi nayo mwendo wa siku nyingi. Walipofika huku walipokelewa, wakapikiwa, wakaonyeshwa njia. Mzee mmoja wa kijijini kwetu ameniambia kwamba kazi yake akiwa kijana ilikuwa kupiga kasia la mtumbwi. Sanduku la risasi liliwekwa katikati ya mtumbwi, wabebaji wakachuchumaa mbele na nyuma, na sigara ilikuwa marufuku mpaka wapande kingo ya pili. Kilichomtisha hakikuwa Mreno. Alikuwa kiboko. Nilimuuliza kama aliwahi kulipwa. Akaniangalia kama nimemtukana.

Na mizigo haikwenda upande mmoja tu. Kutoka maeneo yaliyokombolewa zilikuja korosho, karanga na ufuta, vikauzwa huku, na fedha ikarudi kama bidhaa. Uchumi mzima wa vita ulipita mikononi mwa wafanyabiashara wadogo, makarani wa ushirika na madereva wa mikoa yetu ya kusini. Andikeni hilo pia. Vita vina stakabadhi zake.

Wanawake wana sehemu yao ambayo ni kubwa kuliko tunavyoifundisha. Mwaka 1967 wasichana 25 waliletwa Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi, na kutoka kwao kikaundwa kikosi cha wanawake cha FRELIMO. Josina Machel alikuwa miongoni mwa wanawake wa kikosi hicho. Alishughulika na huduma za jamii na watoto waliopoteza wazazi, akafunga ndoa na Samora pale Tunduru Mei 1969, na akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Msumbiji inaifanya siku hiyo kuwa siku ya wanawake wake. Sisi tarehe 7 Aprili tunamkumbuka Mzee Karume, na ni haki yetu kabisa, lakini nadhani dakika moja ya Josina katika shule za Tunduru isingempunguzia Karume chochote. Mtwara mjini nako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani. Majeruhi walioweza kufika huko walikuwa tayari wamesafiri kwa machela siku kadhaa. Nani aliwapa damu? Nani aliwafulia mashuka? Wako watu Mtwara wenye majibu.

Sasa niingie penye miiba.

Nyaraka nyingi za ukombozi nilizowahi kusoma zimeandikwa kama hotuba ya sikukuu: viongozi ni ndugu, mapambano ni mamoja, ushindi unafuata. Vita vya Msumbiji havikuwa hivyo, na mengi ya machungu yake yalitokea kwenye ardhi yetu, chini ya macho ya dola yetu. Filipe Samuel Magaia, mkuu wa kwanza wa ulinzi wa FRELIMO, aliuawa Oktoba 1966 kwa risasi ya mpiganaji mwenzake. Mwaka 1968 mgogoro uliipasua Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule waliyosoma vijana wakimbizi chini ya Janet Mondlane. Wanafunzi waliasi, shule ikafungwa, na Mei mwaka huo ofisi ya FRELIMO ikavamiwa na Mateus Muthemba, mmoja wa wanachama wake, akafa kwa majeraha. Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, kamanda wa FRELIMO, aliuawa kandokando ya Ruvuma. Lázaro Nkavandame, aliyekuwa akiiongoza FRELIMO Cabo Delgado na kusimamia biashara ile ya korosho niliyoitaja, alilaumiwa kwamba maduka ya wananchi ameyageuza kuwa maduka yake na watu wake. Mapema 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Ukoo wake uko pande zote mbili za mto. Kuna nyumba Newala na Masasi ambako hata leo jina lake likitajwa, mazungumzo hugawanyika.

Halafu tarehe 3 Februari 1969. Mondlane alichukua barua zake ofisini, Mtaa wa Nkrumah, akaenda nazo Oyster Bay kwenye nyumba ya rafiki yake Betty King, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Ndani ya furushi moja mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Akazikwa Kinondoni, na mwaka 1979 mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kupita mitaa hiyo kila siku bila kujua kwamba mmoja wa viongozi wakubwa wa bara hili aliuawa hapo. Kilichofuata kilikuwa mvutano wa madaraka. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, aliandika waraka mwezi Novemba 1969 akiwatuhumu wenzake, akatolewa chamani. Mei 1970 Samora akawa rais.

Na mwaka 1975, uhuru ukiwa mlangoni, Simango na wengine walioitwa wasaliti waliletwa Nachingwea, wakapangwa mbele ya umati, na Simango akasomeshwa ungamo refu. Nachingwea, Waheshimiwa. Mkoa wa Lindi. Baadaye watu hao waliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani, miongoni mwao Simango, Joana Simeão na padri Mateus Gwenjere, na familia zao hazikupewa miili ya kuzika. Najua jambo hili ni gumu kulisema katika hafla ambayo balozi ameketi mstari wa mbele. Lakini kama tunadai sehemu yetu ya sifa kwa sababu kambi ilikuwa kwetu, basi na hili lilitokea kambini kwetu. Mwanafunzi anayefundishwa Nachingwea ya gwaride peke yake amefundishwa nusu, na siku atakapoisoma nusu ya pili kwenye simu yake atadhani sisi walimu tulimdanganya. Atakuwa sahihi.

Kuhusu mwenendo wa vita wenyewe sina haja ya kurefusha, maana sehemu hiyo ndiyo inayofundishwa vizuri zaidi. Julai 1968 FRELIMO ilifanya mkutano mkuu wake wa pili ndani ya Msumbiji yenyewe, Niassa. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu kwa maelfu ya askari kwenye uwanda wa Mueda katika operesheni aliyoiita fundo la Gordio. Aliteka kambi, wapiganaji wakahamia kwingine, na moto ukawaka zaidi jimboni Tete, ambako Wareno walikuwa wakijenga bwawa la Cahora Bassa. Desemba 1972 askari wa Ureno waliua mamia ya wanakijiji Wiriyamu na jirani zake, na Julai 1973 padri Adrian Hastings akayatoa hadharani kupitia gazeti la The Times la London. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliiangusha serikali yao wenyewe. Agosti mosi mwaka huo kambi ya Wareno ya Omar, si mbali na Ruvuma, ilizingirwa na kujisalimisha, na mateka zaidi ya 100 wakavushwa hadi Nachingwea. Nimemsikia mama mmoja akieleza jinsi walivyotoka kuwatazama wazungu wale wakipita, wamechoka, wengine vijana wadogo kabisa, na jinsi mama yake alivyompa mmoja wao maji. Mkataba wa uhuru ukatiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba. Mei 1975 Samora akavuka Ruvuma kutoka kwetu na kuanza safari yake ya kushuka nchi nzima, na tarehe 25 Juni bendera ikapandishwa katika uwanja wa Machava.

Sisemi kwamba hamjafanya kitu. Tanzania ilikubaliwa kuwa kituo cha kanda cha Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na Kongwa inatajwa tajwa siku hizi kuliko zamani. Mradi wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi, ulitoa juzuu 9 za historia ya ukombozi mwaka 2014, kazi nzito na ya maana, japo sijaikuta katika maktaba ya shule yoyote niliyofundisha. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna makaburi ya askari wetu, na yanatunzwa. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo sisi walimu tumelisubiri miaka mingi. Msingi upo.

Kinachokosekana ni sauti ya raia. Majengo yanaweza kungoja bajeti ya mwaka ujao. Ukuta wa Kongwa uliosimama tangu 1947 hautaanguka kabla ya Bunge kupitisha makadirio. Mzee wa mtumbwi hangoji. Nami nasema kwa heshima kwamba fedha zinazotengwa kwa ukarabati na mbao za marumaru zingeweza kusubiri miaka miwili, zikafanya kwanza kazi ya kurekodi. Marumaru bila masimulizi yatakuja kusema tu nani aliyaweka wakfu na tarehe ngapi.

Kazi yenyewe haihitaji wataalamu kutoka nje. Kila wilaya ina afisa utamaduni. Kila kata ina shule ya sekondari, na kila shule ina walimu wa historia ambao wangefurahi kupata sababu ya kutoka darasani. Watendaji wa vijiji wanawajua wazee wote kwa majina na wanajua nani bado ana kumbukumbu na nani ameanza kuchanganya. Simu janja ya kawaida inarekodi vizuri. Kinachohitajika kutoka juu ni agizo, nauli, mahali salama pa kuhifadhi rekodi, na ruhusa ya wazi kwamba mzee aseme anachojua hata kama hakipendezi. Hilo la mwisho ndilo zito. Wazee wetu walifundishwa wakati wa vita kwamba mgeni anayeuliza maswali huenda ni jasusi, na wengi bado wanalishika somo hilo. Asikilizwe kwa Kimakonde, Kiyao, Kimwera au Kingoni kama ndiyo lugha inayomtoka, na tafsiri ije baadaye. Nimeshuhudia bibi akijibu kwa Kiswahili kwa sentensi mbili za adabu, kisha akageukia Kimakonde na kuongea mpaka giza likaingia.

Pamoja na hayo, fungueni makabati. Kamati ya Ukombozi ilifungwa mwaka 1994 baada ya Afrika Kusini kupata uhuru, na kumbukumbu zake za miaka 30 zilikuwa nchini mwetu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha matangazo ya FRELIMO kwenda Msumbiji; kama kanda zake zimesalimika TBC, vijana wa Mtwara wana haki ya kuzisikia. Kwa Waziri wa Elimu, ombi langu ni dogo: katika somo hilo jipya, wapeni shule za mikoa ya mpakani nafasi ya kufanya mradi wa masimulizi ya wazee, na alama zake zihesabiwe kwenye mtihani. Kisichohesabiwa alama hakifundishwi, tuambiane ukweli.

Kuna anayesema kwamba huu si wakati wa kuchokonoa mambo ya mpakani, kwa sababu tangu 2017 Cabo Delgado inawaka tena kwa vita vingine kabisa. Mimi naona kinyume chake. Mwaka 2021, baada ya mji wa Palma kushambuliwa, maelfu ya watu walivuka Ruvuma kama walivyovuka wakubwa wao mwaka 1964, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ililalamika hadharani kwamba wengi walirudishwa kupitia Negomano. Negomano ni ng'ambo ya Mtambaswala, upande wa pili wa Daraja la Umoja tulilolizindua kwa shangwe mwaka 2010. Sijui siri za usalama na sijifanyi kuzijua. Najua tu kwamba maofisa waliosimama pale mwaka 2021 wangefanya kazi yao wakiwa na maswali mengine kichwani kama wangekuwa wamefundishwa shuleni nani aliwalaza nani kwenye baraza la nani.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na naomba mlichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Korosho huanza kuangushwa mwishoni mwa Septemba, na kuanzia hapo hadi Januari hamtamkuta mzee nyumbani mchana. Atakuwa chini ya mikorosho au kwenye foleni ya mnada kungoja malipo. Masika nayo hukata barabara za bondeni. Mkileta watu, waleteni kati ya Juni na Agosti, waje asubuhi, na wasije na msafara wa magari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Newala, Mtwara